Besi ya Josephu

Krr, krr, krr. Kimya. Krr, krr.

Veronika alifumbua macho kabla hakujapambazuka. Ilikuwa mbuzi ya nazi, upande wa pili wa ua wa makuti. Bi Hadija, jirani wa Modesta pale Mikindani, alikuwa akikuna nazi ya vitumbua.

Veronika alijifunika khanga usoni, lakini usingizi ulikwisha kumtoka. Alikuja kutafuta karatasi aliyojua haipo. Modesta, mjane wa Josephu, alikuwa ameomba jambo moja tu: Jumapili, kwenye misa ya mwaka mmoja wa mumewe katika kanisa kuu la Mtwara, uimbwe ule wimbo wa watu wanne alioupenda. Mwalimu wa zamani wa kwaya yao, ambaye naye alikwisha kufa, aliogopa kwaya nyingine zisimwibie nyimbo. Alimwandikia kila mmoja nota za sauti yake tu, na hakuziweka zote nne mahali pamoja. Josephu alishika besi. Siku ya mazishi Veronika aliikunja karatasi hiyo ya besi kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea kifuani ndani ya jeneza, kama wanakwaya wanavyoagana. Hakuna aliyekumbuka kwamba hapakuwa na nyingine. Rekodi ya simu ilikuwepo, ila kinanda kilikuwa kimeimeza besi yote. Tumaini wa bandarini, aliyeshika nafasi ya Josephu, alikuwa na sauti nzuri ila hakuwa na cha kuimba.

Jana Modesta alipekua sanduku zima la mumewe, kisha akampa mgeni kitanda, yeye akalala mkekani. Veronika alishindwa kumwambia.

Krr, krr. Kimya.

Safari hii alijikuta akihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Krr. Na juu ya mkuno, sauti ya chini ikiguna. Veronika aliketi. Katika wimbo wao, ndani ya kimya kile ndipo sauti yake yeye huingia.

Alizunguka ua. "Hodi. Shikamoo, Bi Hadija."

"Marahaba. Mbona mapema? Kitanda cha Modesta kina kunguni?"

"Huo wimbo unaouimba umeupata wapi?"

"Wimbo gani? Hizi kelele za Josephu. Miaka ishirini anakaa kizingitini hapo, mm, mm, mm, ndipo aende bandarini. Nikikuna ovyo ananiambia, jirani, unanipoteza. Basi nikawa namfuata. Akinyamaza, nami nanyamaza."

"Na sasa hayupo."

"Mkono umeshazoea. Nisipomfuata, najikuna vidole."

"Rudia tangu mwanzo, nakuomba."

"We! Usiniingize kwenye kwaya mimi."

"Guna tu, Bi Hadija."

"Kuguna naweza."

Alimsogezea mgeni kigoda, akampa na kipande cha gazeti la kufungia vitumbua. Veronika aliandika pembezoni. Walirudia mara tatu, nazi mbili zikaisha. Kulipokucha Modesta alikuwa amesimama penye uwazi wa ua, kikombe cha chai mkononi.

"Modesta," Veronika alisema, "ile karatasi nilimzika nayo."

"Nilikuona ukiiweka. Nilidhani mna nyingine, mpaka jana ulipokuja kutafuta."

"Sasa sanduku ulipekua la nini?"

"Ulitoka Mtwara na jua lile. Ningekuachaje utafute peke yako?"

Akampa chai. Veronika aliinywa yote. Halafu akamwomba Bi Hadija aanze tena, na penye kile kimya akaingia na sauti yake ya pili, taratibu. Besi ilipofika zamu yake, Bi Hadija hakuguna. Mkono ulibaki juu ya kifuu.

"Kumbe kulikuwa na kingine juu yake?"

"Vingine vitatu."

"Loo! Miaka ishirini Josephu ananipa msingi, nyumba sijaiona."

Modesta alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Veronika afike, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Veronika alikunja gazeti, akalitia kwenye mkoba. Tumaini angelipata leo leo, na safari hii nakala zingekuwa mbili. Bi Hadija alimfungia vitumbua vya njiani, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Jumapili kanisani kwenu sitakuja," alisema. "Lakini Jumatatu njooni tena, mwanangu. Wote wanne. Nazi nitakuna mimi."