Mita Nane za Magimbi

Nimetoka maktaba sasa hivi, lazima nimwambie mtu. Wakubwa wawili wa chuo wamesimama wima tangu asubuhi, na sababu ni magimbi.

Ngoja nianze mwanzo. Rafu zetu hapa Suva zimejaa mpaka majarida yanalaliana. Bosi wangu, Bi Unaisi, akatangaza: jarida lisilosomwa miezi mitatu linatoka. Kujua limesomwa ni rahisi. Msomaji harudishi kitu rafuni, anaacha mezani, mimi naokota na kuhesabu.

Aliyeshtuka zaidi ni Dokta Vilikesa wa kilimo. Kuna jarida la magonjwa ya magimbi, juzuu mia moja nene, mita nane nzima, na makala yake ya kwanza ya ujanani imo humo. Msomaji wake alikuwa yeye tu, tena makala hiyo hiyo.

Basi ghafla magimbi yakapanda chati. Jumatatu juzuu kumi mezani, Jumanne kumi na tano. Mwisho wa mwezi yameyapita majarida ya sheria na ya tiba. Nikampelekea Bi Unaisi hesabu, akachomoa juzuu moja.

"Hii imesomwa mara ngapi, Sala?"

"Mara tisa."

Akajaribu kuifungua. Wapi. Unyevu umegandisha kurasa kama tofali.

Sasa, kisiwa cha Bi Unaisi na kisiwa cha Dokta ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikufanyia jambo unacheka tu. Ukinuna umeaibisha kisiwa kizima. Kwa hiyo jana, Dokta akiwa darasani, tukayahamisha magimbi yote kwa toroli, safari sita, tukayapanga ofisini kwake: mezani, dirishani, juu ya kochi, juu ya kiti.

Aliporudi akakwama mlangoni.

"Jamani, mtani, umenifanya nini?"

"Si unayasoma kila siku? Nimekuonea huruma na zile ngazi, magoti yenyewe hayo."

"Na mimi nikae wapi?"

"Kalia makala yako."

Akanywea. "Hayatatupwa lakini?"

"Nani atupe? Nimeshayasajili: Maktaba, tawi la Vilikesa. Mwanafunzi akiyataka atapiga hodi kwako, na wewe ndiye utakayehesabu."

Akacheka mpaka akashikilia mlango. "Watu wa kwenu mna roho mbaya tangu mlipokuja na mitumbwi."

Leo asubuhi nafika, Bi Unaisi anaandika amesimama. Kiti chake cha magurudumu, alichokisubiri miaka miwili, hakipo. Mezani kuna karatasi: *Kinatumika sana. Kimehamia tawi la Vilikesa.*

"Usinichekee," akasema, na mwenyewe midomo inamcheza. "Nenda kaone kama kuna hata mtu mmoja aliyepiga hodi."

Nikaenda. Yupo. Msichana wa mwaka wa kwanza, magimbi ya bibi yake yanaoza shambani, amekalia kile kiti cha magurudumu anabandua kurasa za ile juzuu iliyoganda, moja moja, kwa rula. Dokta amesimama nyuma yake, kalamu mkononi. Kwenye daftari jipya ameandika tarehe ya leo, na mbele yake: moja.