Viatu vya Karimi Ndani ya Majani ya Ndizi

Hapa Laare watu wananiuliza, huyo mjukuu wako Karimi anafanya nini huko Nairobi? Nawaambia anateleza. Wanacheka, wanafikiri ni matope. Sasa unaanza kuelezea mtu ati kuna hoteli imeweka barafu chini kama sakafu, watoto wanavaa viatu iko na chuma kama kisu, wanaruka na muziki, na kuna watu wamekaa pale wanawapatia maksi. Hata mimi niliamini tu nikiona kwa simu. Msichana wa miaka kumi na tano anazunguka mpaka uso hauonekani. Nikajiuliza, huyu ni wa kwetu kweli?

Basi, hiyo Aprili alikuja kutuona. Jumamosi alikuwa na mashindano, na wawili wa kwanza wangepelekwa Afrika Kusini. Siku ya kurudi, mke wangu Alice akambebesha nduma na ndizi, mikono ikajaa, begi ya viatu ikabaki nyuma ya mlango. Alhamisi jioni simu ikalia.

"Guka! Viatu vyangu!"

"Si unavaa?"

"Vya barafu, guka! Zile za kukodisha ni butu. Bila yangu siendi mahali."

Mimi babu yake nikamwambia atulie. Miraa inafika Nairobi kila siku, viatu itashindwa na nini?

Sasa, Rwamba ni ndugu yangu mdogo, na amefunga miraa tangu tukiwa vijana. Hiyo Ijumaa aliangalia viatu, nyeupe kama maziwa, akatingisha kichwa.

"Ngozi kama hii na hii jua? Itapasuka kabla ifike Meru."

Kabla niseme kitu amekata majani ya ndizi, amenyunyizia maji, amezungusha kamba ya mgomba, vile tunafunga kitu tunataka ifike ikiwa mbichi. Na mimi nikasifu. Ilikuwa kazi safi, siwezi danganya.

Younis, dereva wa pikapu ya miraa kutoka Maua, akaibeba mpaka Nairobi. Lakini wale wa kushusha mzigo Eastleigh waliona majani, wakaona kamba, wakafikiri ni miraa, wakatupa ndani ya gunia na bunda zingine. Karimi alingojea pale mpaka usiku, akaenda nyumbani mikono mitupu.

Asubuhi Younis akapiga. "Mzee, gunia zingine zinaenda airport, zipande ndege ya Mogadishu. Sijui yenu iko wapi."

Rwamba akakaa kwa jiwe, chai ikapoa. Alice naye hana huruma. "Mogadishu kuna barafu, Rwamba?"

Halafu namba nisiyoijua ikaingia, sauti ya mama mmoja.

"Wewe ni mzee wa Laare? Mimi Faadumo, nanunua miraa kwa Younis, yeye amenipatia namba yako. Wallahi, siku hizi mnapanda miraa ya chuma? Bunda imenivunja mkono!"

Nikamweleza. Hakungoja nimalize. Alipanda boda yeye mwenyewe mpaka kwa hoteli, na tangu hapo simu yake ndiyo ilikuwa macho yetu.

Sasa utomvu wa ndizi unaujua. Ukishika nguo nyeupe hautoki. Viatu ilikuwa na madoa meusi kama ng'ombe, chuma imeanza kutu, na kiatu cha kushoto kimelowa mpaka kimelegea. Wasichana wengine wakacheka. Koch wake, Ngari, mtu wa Embu, akapangusa ile kutu akasema, "Wacha leo, Karimi. Utavunja mguu."

"Koch, funga kamba. Kaza."

Muziki tukasikia. Picha ikakwama, tukabaki na Faadumo.

"Anaenda... anaenda vizuri... ameruka. Ai! Ameanguka."

Rwamba akatoka nje.

"Ameamka! Anaendelea. Huyu msichana ana roho. Sasa anazunguka, anazunguka, mimi nasikia kizunguzungu... Ameruka tena! Amesimama!"

Karimi alituambia baadaye, hiyo ya pili alitakiwa azunguke hewani mara mbili. Aliona mguu wa kushoto unacheza ndani ya kiatu, akaamua kuzunguka mara moja tu, lakini safi. Ati afadhali apoteze maksi kidogo kuliko aanguke tena.

Tulingoja wasichana wote wamalize. Faadumo hakurudi kwa biashara yake, alikataa kabisa kutoka. Halafu akapiga kelele nikaondoa simu kwa sikio.

"Namba mbili! Mzee, mtoto wako ni namba mbili!"

Nikaenda kumtafuta Rwamba. Alikuwa kati ya miraa, anajifanya anaangalia majani. Nikamwambia. Akapangusa uso na kofia, halafu huyo mtu akasema, "Unaona? Maji yangu yalilainisha kile kiatu, kingekuwa kikavu angeumia alipoanguka."

Sikubishana. Nikampatia simu, Karimi alikuwa kwa laini.

"Guka Rwamba, utakuja airport kuniaga?"

"Nitakuja, mama."

"Kuja. Lakini begi sitakupatia ushike."