Dumu la Maji Mwaka wa Elnino

Siku hiyo mjinga alikuwa Saturnini, na wala hakatai. Mtu mzima mwenye ndevu zake anafunga dumu la maji kwenye keria ya baiskeli, anatoka nalo Nambilanje kulipeleka Nachingwea, mwaka ule wa Elnino, barabara yenyewe imegeuka mto na mvua inamchapa mgongoni. Anabeba maji kupita ndani ya maji. Ukimkumbusha leo, anacheka kabla hujamaliza.

Lakini kila ujinga una mwenyewe, na ule wa Saturnini ulikuwa wa Tabitha.

Tabitha ni mkewe. Kiangazi kilichotangulia mvua hizo, visima vya Nambilanje vilikauka, na wanawake wakawa wanadamka kwenda kufukua mchanga wa mto, kisha wanakaa kuyasubiri maji kama mtu anayesubiri sadaka ya bahili. Oktoba, Tabitha aliteleza ukingoni, ndoo ikapasuka, mkono ukateguka. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akamkuta Saturnini barazani anauliza maji ya kuoga. Na kwa kuwa mzaha ulikuwa ugonjwa wake tangu utoto, akaongeza, "Au umeyanywa yote njiani, mama?"

Tabitha hakucheka. Alifunga nguo zake, akashika njia ya kwao Nachingwea. Neno aliloliacha mlangoni lilikuwa moja: "Nitarudi nyumba yako ikiwa na maji."

Ndipo Saturnini alipojua kwamba vyumba viwili vinaweza kumpoteza mtu kuliko pori. Kata ya khanga kuukuu, ile aliyokuwa Tabitha akiiweka kichwani chini ya ndoo, ilibaki msumarini, bado imeshika duara la kichwa chake. Jioni Saturnini akisonga ugali wake wa mabonge, aliitania ile kata: "Mama, leo tunakula mawe." Kata haicheki. Na mchekeshaji ukimweka kwenye nyumba isiyocheka, umemfunga jela.

Kisha redio zikaanza habari za Elnino. Zikasema bahari moja kubwa, huko upande wa pili wa dunia, imepata joto, na mvua inayokuja haitakuwa na adabu. Saturnini, ambaye hata bahari ya Lindi hapo jirani hakuwahi kuitia machoni, akawauliza wenzake kilabuni, "Bahari ishikwe homa huko, jasho litutoke sisi?" Wakacheka sana. Haukupita muda, jasho likatoka. Nyumba za udongo zikapiga magoti. Korosho zikaota chini ya mikorosho kabla hazijaokotwa.

Wengine walishika tama. Saturnini alishika sururu. Akachimba nyuma ya nyumba, na hata hajazama kiunoni, maji yakabubujika. Akaketi ukingoni, miguu majini, akaishukuru ile bahari ya mbali kama mtu anavyomshukuru mshenga. Bahari asiyoijua imemwombea radhi kwa mkewe.

Lile dumu, basi, lilikuwa ushahidi. Na kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa ameiweka kata.

Alilala Ruangwa, akaendelea asubuhi. Karibu na Nachingwea alikuta daraja la kijito limechukuliwa, na Hasani, Mmwera, mtani wake wa siku nyingi, amesimama anangoja maji yapungue.

"Mmakonde, hiyo ni pombe?"

"Maji."

"Ya nini?"

"Ya kunywa. Nampelekea mke wangu."

Hasani akautazama mto, akaitazama mvua, akalitazama dumu. "Wewe siku ukienda jehanamu, utakwenda na kiberiti mfukoni."

"Ni ya kisima changu. Nimechimba mwenyewe."

"Umechimba lini?"

"Mwezi huu huu."

Hasani akaitazama mvua tena, akaanza kukunja suruali. Saturnini akadhani amemshinda mtani wake, akafurahi. Maji yalipopungua wakavuka, Hasani kabeba baiskeli, Saturnini kanyanyua dumu juu ya kichwa ili maji yasiingie maji.

Kwa wakwe alifika ameloa mpaka kwenye kope. Mama mkwe alipomwona alijitanda khanga usoni, akaingia jikoni, kama heshima inavyotaka. Na utani wote wa Saturnini ukaingia naye. Aliyebaki barazani ni bibi yake Tabitha, ambaye heshima haimhusu.

"Mume wangu huyo. Umekuja kwa miguu au umeogelea?"

"Vyote viwili, bibi."

"Na hilo dumu?"

"Maji ya kisima changu."

"Wenzako huja na kuku," bibi alisema, akasogea kumpisha kwenye mkeka.

Tabitha akatoka. Njia nzima Saturnini alikuwa akitunga maneno ya kumchekesha. Sasa aliutazama tu ule mkono. Umepona, ila haunyooki wote.

"Nyumba ina maji," akasema.

Tabitha alimimina kikombe, akanywa taratibu, akanywa tena. "Matamu."

Moyo wa Saturnini ukaruka. "Na wala huhitaji kamba. Unainama tu, unachota."

"Umechimba lini?"

Lilikuwa swali la Hasani lilelile. Safari hii alilisikia.

"Maji ni maji, Tabitha. Ulisema nyumba ikiwa na maji. Si ina maji?"

"Tazama uani. Mwaka huu hata unyayo wa kuku una maji."

"Sasa ulitaka nichimbe lini? Jua likiwaka, ardhi imekuwa chuma?"

"Wachimbaji wote huchimba wakati huo. Ukiyapata kiangazi, umeyapata. Ya sasa hivi yamepita tu kukusalimia."

Saturnini akainamisha kichwa. Kisha akatoa ule mfuko kifuani, akaifungua kata. Kati ya vitu vyote alivyokuja navyo, hicho peke yake kilikuwa kikavu.

"Naiona msumarini kila siku," akasema. "Naitania, haicheki. Twende, mama. Nitakuchotea mwenyewe."

Tabitha aliipokea. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye duara lake. Bibi akaacha kutafuna tambuu yake. Saturnini akadhani ameshinda. Ndipo Tabitha akainua mikono yote miwili, ule mzima na ule usionyooka, akamvisha kata kichwani, akaikandamiza ikakaa sawa.

"Mimi sikukimbia mvua, Saturnini, nilikimbia Oktoba," akasema. "Kachimbe Oktoba, na kata hiyo uivae wewe. Siku utakayoniletea dumu hili limejaa mwezi huo, sitakuuliza umechimba lini."