Hamsini na Nne ya Fizikia

Simrat, binti wa kaka yangu, alipata hamsini na nne katika jaribio la umeme, na tangu siku hiyo hakutulia. Anakaa, anasimama. Anafungua friji, hachukui kitu, anaifunga. Alikuwa anaomba kusomea uhandisi chuo kikubwa cha Vancouver, na jaribio lile peke yake lilimshusha wastani wa fizikia kutoka tisini na moja hadi themanini na tano. Mwaka uliotangulia, chuo kilichukua wanafunzi kuanzia themanini na nane.

Mwalimu wake alimruhusu kurudia. Alama mpya ingefuta ile ya zamani, na ingewekwa mtandaoni Ijumaa jioni. Ijumaa hiyohiyo tulikuwa tunampaka hina binti yangu Navreet, bibi harusi, hapa kwangu Surrey. Nyumba ilijaa wanawake, ngoma na vyombo vya chai.

Simrat naye akapakwa, mikono yote miwili hadi viwiko. Ndipo alipoikumbuka simu.

"Shangazi, niangalizie."

"Nimeangalia sasa hivi. Hakuna kitu."

"Angalia tena, basi."

Navreet akadakia, "Jamani, anayeolewa ni nani? Mimi nimetulia, wewe unahaha kama bwana harusi kakimbia!"

Wanawake wakaangua kicheko. Simrat akazidi kuzunguka sebuleni, mikono hewani, hina ikidondokea zulia langu.

"Mtihani mmoja tu, mwanangu," mama yake, wifi yangu Baljinder, akambembeleza. "Miaka yote wewe ndiye wa kwanza."

"Miaka yote hawaioni, mama. Wanaona namba."

Simu ikalia mkononi mwangu. Nilisoma mara mbili kabla ya kusema.

"Sitini na sita."

Midomo yake ikachezacheza, anapiga hesabu. "Themanini na saba," akasema. "Moja, Shangazi. Nimepungukiwa na moja!"

Machozi yakamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nikamfuta kwa mtandio wangu. Nilitaka kumwambia yataisha, nikaona ni maneno mepesi mno.

Mwezi wa tano Vancouver wakamkataa. Chuo kidogo cha Prince George, kaskazini kwenye theluji, kikamchukua. Alikwenda amenuna.

Mwaka wa pili akaomba tena kuhamia Vancouver. Safari hii wakamkubali. Baljinder akagawa peremende mtaa mzima. Jioni Simrat akapiga simu.

"Mama, siendi."

"Huendi wapi?"

"Vancouver. Tunajenga daraja la mbao na wenzangu huku, tumefika katikati. Siwezi kuwaachia."

Wifi yangu alilia siku ile kuliko Simrat alivyolilia ile sitini na sita. Mimi nilimwomba Simrat anitumie picha ya hilo daraja.