Ushauri Niliotoa Nikipimwa Suti

Siku hiyo nilikuwa najiona, sikufichi. Leseni ya uwakili haijapata hata vumbi, na mama ameshamwita rafiki yake, fundi tunayemwita Mama Sindano, aje nyumbani anishonee suti ya mahakamani. Nimesimama sebuleni, mikono nimeinyoosha, yeye ananizungusha utepe kiunoni. Mara akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Mwanangu, mwenye jengo ninaloshonea kanipa hii. Eti nijibu, la sivyo nihame. Nifanyeje?"

Sikuishika hata. "Achana nayo, mama. Anakutisha tu huyo. Wewe shona."

"Jamani, kuwa na wakili wa nyumbani raha!" akasema, nami nikavimba kichwa.

Ofisini bosi wangu ana wimbo mmoja tu: kabla hujapokea kesi, jua unapambana na nani. Alipokuja mwenye jengo mmoja kulalamikia mpangaji mkaidi, nilisoma jina la mpangaji, sikulijua, nikapokea. Jina kamili la Mama Sindano mimi ningelijulia wapi? Tangu utotoni ni Mama Sindano, basi. Chumba alichopanga sikwenda kukiona. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba mdaiwa aliidharau notisi kwa makusudi, atolewe mara moja.

Siku ya kesi mlango wa mahakama ukafunguliwa, akaingia Mama Sindano. Aliponiona akatabasamu, akidhani nimekuja kumtetea. Kisha akaona nimekaa upande gani. Tabasamu likakatika.

Hapo hapo nilipaswa kusimama nijitoe kwenye kesi. Yeye nimemshauri, na sasa ndiye ninayemshtaki. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo halifai. Sikusimama. Nilijifanya natafuta kalamu mkobani, ilhali kalamu ninayo mkononi. Aibu iliniwaka mpaka masikioni, lakini niliogopa kumpoteza mteja, Mungu anisamehe.

"Mama," hakimu akamwambia, "kwa nini hukuijibu notisi? Nisiposikia sababu ya maana, chumba unakiachia leo."

"Niliuliza, mheshimiwa. Kuna wakili aliniambia niachane nayo."

"Wakili gani?"

Mteja wangu akaninong'oneza, "Anadanganya huyo, mbane!" Mama Sindano alinitazama kidogo, akageuza uso. Vyerehani vyake viwili vimo mle chumbani, na ndivyo vinavyolisha wanawe.

"Nimemsahau, mheshimiwa," akasema. "Ni kijana tu, bado anaanza. Labda mimi ndiye niliyemwelewa vibaya."

Hakimu akainamia karatasi zake, akaanza kuandika. Nikasimama.

"Ni mimi, mheshimiwa. Wakili mwenyewe ni mimi."

Mteja wangu akaguna, "Haa!" Mama Sindano akajifunika uso kwa viganja, utadhani mwenye kosa ni yeye.