Makumbi ya Shimo Jipya

Idi pili ya mwaka 1956, vijana wa mjini walikuwa na mashindano ya magari ya mbao kwenye mteremko wa Masingini. Gari lenyewe ni kasha la majani ya chai, beringi nne za magurudumu, na kamba ya kugeuzia yale ya mbele; injini halina, na breki yake ni kisigino. Noorali, mtoto wa muuza duka, alileta beringi. Rafiki yake Makungu akaahidi kamba, maana nani mjini alikuwa na bibi kama wake?

Bi Mwanamwema wa Uroa alikuwa akifukia makumbi ya nazi pwani yaoze miezi minane, ndipo ayaponde apate usumba, zile nyuzi za kusokota kamba; yasipoiva, kamba hukatika. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini kamba zake zilisifika kijiji kizima. Akamtuma mjukuu wake kufukua shimo la zamani. Makungu akakuta maji yamelifunika, na gari la kurudi mjini halimngoji mtu. Basi bwana mkubwa akafukua shimo jipya, la miezi miwili.

"Mbona magumu haya?" bibi aliuliza.

"Wallahi, bibi, ya shimo la zamani."

Kiapo kikamtoka kirahisi, kama mtu anayetema kokwa. Bibi akaamini. Akaponda mpaka mabega yakamuuma, akasokota.

Masingini aliyeendesha ni Noorali, kwa kuwa beringi zilikuwa zake. Aliwaacha wenzake wote nyuma, anacheka. Kwenye kona ya chini kamba ikakatika, gari likaenda moja kwa moja kwenye mnazi. Siku ya pili yake walimzika.

Baada ya arubaini Makungu akenda Uroa kusema kweli. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kamba nshaacha, mjukuu wangu. Mkono wangu umemuua mtoto wa watu."

Makungu aliona haya, akaogopa, na woga ukashinda. "Si kosa lako, bibi."

"Usinionee huruma. Mimi mwenyewe nliyaona magumu, nkakuuliza, ukaapa kwa Mwenyezi Mungu. Makumbi hayana kosa. Sasa aliyekosa nani, kama si mimi?"

Makungu akaaga, akaondoka na maneno yake. Kule pwani shimo la zamani lilikuwa halijaguswa, na makumbi yake yameshaiva.