Vidonge vya Direkta

Kipimo cha hewa mwilini kilikuwa kimoja kwa wodi nzima ya watoto wachanga: waya mrefu, kibanio chenye taa nyekundu, na kioo kilichopasuka. Daktari Odette alikitoa kwa mtoto wa kitanda cha dirishani, akakifunga kwenye kiganja cha kulia cha mjukuu wa Sikuzani, akangoja. Tisini na moja. Akakihamishia mguuni. Sabini na sita.

"Umeona, mama? Mukono iko na hewa, muguu haina."

Sikuzani aliona. Miguu ya mtoto ilikuwa na rangi ya wino tangu alipotolewa kwa kisu jana yake, Jumatatu. Binti yake Yasmina alikuwa bado amelazwa wodi ya wazazi na mshono wake, akiuliza kila saa kama mtoto ananyonya. Hakunyonya. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuvuta pumzi, na hiyo yenyewe ilikuwa inamshinda.

Odette alieleza polepole. Mtoto akiwa tumboni mishipa ya mapafu yake imejifunga, kwa maana hewa anaipata kwa mama. Akizaliwa akalia, inafunguka. "Yake imekataa kufunguka. Ni kama barieri ya wanajeshi, mama. Damu inafika kwa mapafu, inarudishwa, inaenda kwa mwili bila hewa. Okisijeni peke yake haitoshi. Dawa ya kufungua iko."

"Andika, mi niende."

Odette aliandika, kisha akaangalia pembeni. "Ni ile kidonge ya bule, rangi ya mbingu. Ya wanaume, ya kitandani. Usisikie haya."

Mkwewe Amissi, dereva wa lori, alikuwa amekwama Cibitoke siku ya tano, akingoja msafara wa wanajeshi ndipo arudi mjini. Kwa hiyo aliyekwenda kuomba dawa ya wanaume alikuwa Sikuzani, mjane, muuza vitenge wa Buyenzi, mwanamke ambaye hata neno mimba hulisema kwa kuzungukazunguka.

Ildephonse mwenye farmasi aliisoma karatasi, akatabasamu. "Mama, umeolewa lini, na sisi hatukula pilau?"

Wanaume wawili waliokuwa kaunta wakacheka. Sikuzani aliwaangalia mmoja mmoja mpaka wakachoka.

"Ni ya mutoto. Amezaliwa jana."

Ildephonse akashusha sauti. "Ilibaki boksi moja tu. Juzi nimeipeleka kwa direkta wenu wa hospitali, Térence. Ingine inakuja na ndege ya Jumamosi, kama ndege itatua."

Basi akarudi hospitalini kwa miguu. Huko kulikuwa na semina ya siku tatu juu ya uhai wa watoto wachanga. Bendera ya kitambaa ilitundikwa mlangoni, magari ya wageni yalijaa hadi kwenye nafasi ya gari la wagonjwa, na chini ya turubai wataalamu walikuwa wanatafuna sambusa na kunywa Fanta, wamechoka kweli kweli kwa kuwahurumia watoto.

Direkta Térence alimpokea amesimama. Alikuwa na shati jeupe, na tabia ya kuangalia saa kabla mtu hajafungua mdomo.

"Nani alikuambia mi niko na dawa kama ile?"

"Mutu wa farmasi, bwana direkta. Nusu kidonge tu. Mutoto anakufa."

"Hapa hatufanye kazi na maneno ya farmasi. Dawa ya bakubwa kwa mutoto, lazima komisyo ya madaktari ikubali. Komisyo inakaa Alhamisi. Sekretere atakupa fomu."

Sekretere alikuwa mama wa makamo mwenye kucha ndefu. Alianza na mstari wa kwanza. "Jina ya mutoto?"

"Hana bado. Kwetu tunaita siku ya saba. Baba yake ndiye ataita."

"Bila jina hakuna dosye, hakuna faili."

"Andika mutoto wa Yasmina."

"Mama, mi sikutunga hii fomu."

Sikuzani aliiangalia ile kalamu. Siku ya saba wangemnyoa mtoto, wangechinja kama kingepatikana cha kuchinja, na Amissi angemwinamia mwanawe amwite mwenyewe. Sasa yeye, bibi mzaa mama, akasimama mbele ya mwanamke anayepuliza kucha zake na kumpa mtoto jina kama mtu anayeagiza chai.

"Faris," akasema. Roho ilimuuma, na alimchukia yule mwanamke kwa kuliandika vibaya, kisha kulifuta, kisha kuliandika tena.

Jumatano asubuhi mguu ulisoma sitini na nane. Sikuzani hakwenda tena ofisini. Alikwenda chini ya turubai, saa ya sambusa, akasimama mbele ya direkta na wageni wake wote, na haya zake zote za miaka hamsini na sita akaziacha hapo hapo.

"Bwana direkta, ile dawa yako ya bule, ya kitandani, ile Ildephonse alikuletea Jumapili. Unigawie nusu moja. Nusu ingine ubaki nayo."

Mgeni mmoja akakohoa. Direkta akacheka kwa meno tu, akasema mama huyu amechanganyikiwa kwa uchungu, masikini, vita imewaharibu watu. Lakini saa nane mchana Cirimwami, dereva wake, aliingia wodini na bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ya vidonge vinne, kimoja kimeshatumika.

"Patron anasema imetoka kwa mufadhili," alisema, bila kumwangalia mtu.

Odette alikata robo, akaisaga, akaipitisha kwenye mpira wa pua. Jioni mguu ulisoma sabini na tisa. Asubuhi, baada ya robo nyingine, themanini na nne. Odette alicheka peke yake, na Sikuzani akaenda kumwambia Yasmina ajikamue maziwa. Saa mbili na nusu namba zilianza kushuka. Moyo ulikuwa umesukuma siku tatu dhidi ya mlango uliofungwa, Odette alisema, umechoka. Saa tatu kasoro Faris alikufa, na kipimo kikarudishwa kitanda cha dirishani.

Sikuzani alimfunga katika kitenge kipya. Alikuwa anampeleka Buyenzi akaoshwe, wanaume wa msikiti wakamzike kabla ya adhuhuri. Langoni alikuta gari la wagonjwa, na Cirimwami ameegemea mlango. Alikuwa na vitu viwili vya kusema. Kwanza alimpa karatasi: komisyo imekaa, imekubali.

"Na pili, mama. Patron anasema kama mutoto ameshaenda, vidonge vilivyobaki virudi."

Sikuzani alimpakata mtoto upande mmoja. "Hii gari yako inaenda wapi?"

"Kwa patron, Rohero."

"Utufikishe Buyenzi kwanza. Mi na huyu."

"Apana, mama. Ni ya kazi."

Sikuzani alifungua kwa mkono mmoja fundo la upindo wake, alimoweka vidonge Odette alivyomrudishia. Vilikuwa viwili vizima na kipande kimoja.

"Hata hii iliyokatwa?"

Cirimwami alikinga kiganja. "Alisema vyote."

Gari likaondoka, na Sikuzani akalifuata kwa miguu. Kwenye barieri ya kuingilia Buyenzi, wanajeshi waliinua mti likapita bila kusimama, taa zake zikiwaka, kisha wakaushusha.

"We, mama. Umebeba nini?"

"Mujukuu wangu. Amekufa."

"Papye yake iko wapi?"

Alikuwa na karatasi moja tu, ile ya komisyo. Mwanajeshi aliikunjua, akaisoma kwa kidole: Faris, siku tatu, dawa imekubaliwa, ianze Jumatatu. Akaigeuza akahesabu mihuri.

"Iko sawa," akasema. "Yote mitatu iko. Pita."